Dakika moja na nusu kwenye sitaha ya Forrestal

Baharia wa zimamoto kwenye manowari ya kubeba ndege hufundishwa hesabu moja kabla ya nyingine zote: bomu likizingirwa na moto wa mafuta, una dakika ngapi kabla halijalipuka? Tarehe 29 Julai 1967, katika Ghuba ya Tonkin nje ya pwani ya Vietnam, mabaharia wa manowari ya Marekani USS Forrestal waliingia motoni wakiamini wanazo kama dakika 10. Walikuwa na moja na nusu. Siku ile walikufa watu 134 na wengine 161 wakajeruhiwa, na hakuna adui aliyefyatua hata risasi moja.

Mkasa huu husimuliwa kwa kifupi mno: roketi ilijifyatua, mafuta yakawaka, meli ikaungua. Ni kweli, lakini haielezi kitu. Roketi ile haikulipuka. Mafuta yaliyowaka yalichaguliwa makusudi kwa sababu ni magumu kuwaka. Na Forrestal ilikuwa na mipira ya maji, povu na watu waliofunzwa kuvitumia. Swali lenye maana ni jinsi gani meli yenye kinga nyingi namna ile ilijikuta, ndani ya sekunde chache, haina hata moja.

Sitaha ilivyopangwa

Forrestal ilianza kazi mwaka 1955, ya kwanza katika kizazi cha manowari kubwa kupita kiasi za kubeba ndege, na pamoja na kikosi chake cha anga ilikuwa na watu wapatao 5,000. Bandari yake ya nyumbani ilikuwa Norfolk, upande wa Atlantiki, na hii ndiyo ilikuwa safari yake ya kwanza kwenye vita vya Vietnam. Ilianza kurusha ndege za mashambulizi tarehe 25 Julai. Katika siku nne ndege zake zilikuwa zimekwenda vitani mara 150 hivi. Asubuhi ya tarehe 29 kundi la kwanza lilikuwa limesharuka, na la pili lilisubiri saa tano kamili.

Ndege 27 zilikuwa juu ya sitaha, zimejazwa mafuta na kufungwa silaha. Nyingi zilisongamana upande wa tezi, yaani nyuma ya meli, mabawa karibu yaguse mabawa. Ukingo wa kushoto zilipangwa ndege za mashambulizi aina ya Skyhawk, mikia ikining'inia juu ya bahari na pua zikitazama katikati ya meli. Upande wa kulia, nyuma, zilikuwapo ndege za kivita aina ya Phantom, nazo pua zikielekea katikati. Ukitazama mpango huo kutoka juu unaona mara moja tatizo lake: silaha yoyote inayofyatuka mbele kutoka bawa la Phantom haina pa kwenda ila kwenye tumbo la Skyhawk. Haukuwa uzembe wa mtu. Sitaha ni fupi, ndege ni nyingi, na hakuna namna ya kuziegesha zote zikitazama bahari.

Rubani yumo ndani, injini inaunguruma, na chini ya ndege wamejaa vijana wa fulana za rangi. Kila kazi ina rangi yake ya fulana: wekundu ni wa silaha na zimamoto, zambarau wa mafuta, manjano wanaoongoza ndege, kijani wa mitambo ya kurushia, kahawia wanaoitunza ndege moja moja. Kelele ni kubwa kiasi kwamba amri hutolewa kwa mikono. Hili lina umuhimu wake, maana onyo la kupaza sauti mahali pale halimfikii mtu aliye hatua kumi.

Kinga tatu na roketi moja

Zuni ni roketi isiyoongozwa, yenye kipenyo cha milimita 127, inayobebwa nne nne ndani ya mkebe unaoning'inizwa chini ya bawa. Kuifyatua kunahitaji umeme mdogo tu unaofika kwenye kiwashio cha mota yake. Kwa hiyo usalama wake wote ni suala la kuuzuia umeme huo usifike kabla ya wakati.

Kanuni iliweka vizuizi vitatu. Cha kwanza ni kebo fupi yenye plagi inayounganisha mkebe wa roketi na ndege: plagi isichomekwe mpaka ndege iwe imesimama kwenye mtambo wa kurushia, pua ikitazama bahari tupu. Cha pili ni pini ya usalama kwenye kishikio cha silaha, ambayo inakata njia ya umeme. Nayo itolewe palepale kwenye mtambo, sekunde za mwisho. Cha tatu ni swichi zilizo mbele ya rubani. Ili roketi ifyatuke kwa bahati mbaya, vitatu vyote lazima vishindwe kwa wakati mmoja. Kwenye karatasi hilo ni jambo lisilowezekana.

Vitani, mpango huo una gharama. Ndege ikishafika kwenye mtambo wa kurushia ndipo plagi ikagundulika mbovu, ndege hiyo lazima iondolewe, na nyuma yake kuna foleni nzima inayochoma mafuta. Wakuu wa silaha ndani ya meli walikaa wakajadili na kuafikiana kwamba plagi inaweza kuchomekwa mapema, ndege zikiwa bado zimeegeshwa, kwa kuwa pini ingali mahali pake. Hoja hiyo ina mantiki. Kasoro yake ni kwamba pini nayo haikuwa imara kama walivyoamini: ina kitambaa chekundu kirefu cha kuifanya ionekane, na upepo mkali wa sitahani uliweza kukivuta mpaka pini ikachomoka. Mbali na hilo, mpakia silaha aliyezoea kanuni ya zamani angeweza kuitoa pini mapema, akiamini kwamba plagi haijachomekwa. Kila upande ulimwegemea mwenzake, na pale katikati hapakuwa na mtu.

Ikabaki swichi. Saa nne na dakika 51 asubuhi, rubani wa Phantom moja alihamisha ndege yake kutoka umeme wa nje, ule wa mashine ya kuwashia, kwenda umeme wa ndani wa ndege yenyewe. Ni hatua ya kawaida inayofanywa katika kila safari. Wakati wa kuhama hutokea mruko mfupi wa umeme. Siku nyingine zote mruko huo hufika kwenye pini au kwenye plagi isiyochomekwa, ukaishia hapo. Siku ile ulifika kwenye kiwashio.

Roketi ikavuka sitaha kama mita 30 na kupasua tangi la nje la Skyhawk iliyokuwa upande wa pili. Kichwa chake cha vilipuzi hakikulipuka, kwa sababu fyuzi yake, yaani kifaa cha kukilipua, hujifungua tu baada ya kusukumwa kwa kasi kwa umbali maalumu, na mita 30 hazikutosha. Kinga ya nne, kumbe, ilifanya kazi yake barabara. Haikusaidia kitu, kwani tangi lile lilikuwa na nafasi ya lita 1,500.

Uko uvumi usiokufa kwamba chanzo kilikuwa John McCain, yule aliyekuja kuwa seneta na mgombea urais, ambaye siku hiyo alikuwa ndani ya mojawapo ya Skyhawk hizo. Eti aliwasha injini kwa mbwembwe na kuchoma ndege iliyokuwa nyuma yake. Nyuma ya Skyhawk yake kulikuwa na bahari. Yeye alitoka kwa kutambaa juu ya pua ya ndege mpaka kwenye bomba la kupokelea mafuta angani, akaruka kupita miale ya moto, na vipande vya bomu la kwanza vikamjeruhi. Miezi mitatu baadaye alitunguliwa juu ya Hanoi.

Mafuta magumu kuwaka, yakawaka

Ndege za manowarini hutumia mafuta ya JP-5 badala ya petroli ya ndege au aina nyingine nyepesi. Sababu ni kwamba mvuke wake hauwaki kwa cheche mpaka mafuta yapate joto la nyuzi 60 za selisiasi au zaidi. Dimbwi baridi la JP-5 unaweza kulitupia njiti ya kiberiti ikazimika. Lakini tangi likipasuliwa na roketi, mafuta hayatoki kama dimbwi. Yanatoka kama ukungu wa matone madogo, na matone yana eneo kubwa la kukutana na hewa. Mota ya roketi ilikuwa bado inawaka. Ukungu ukashika, ukapasha dimbwi moto, na dimbwi likikolea linajilisha lenyewe kwa mvuke wake.

Kisha upepo. Manowari inapojiandaa kurusha ndege huelekeza omo, yaani mbele yake, kwenye upepo na kuongeza mwendo, ili ndege ipate msukumo wa bure chini ya mabawa. Upepo ule ule uliusukuma moto kuelekea tezi, kulikosongamana ndege. Pumzi ya injini za ndege zilizokuwa zinaunguruma nayo ikauchochea. Katika sekunde za mwanzo, kabla ya bomu lolote kulipuka, ndege kadhaa tayari zilikuwa ndani ya miale.

Mabomu 16 ya zamani

Hapa ndipo mambo yalipoharibika kabisa, na ndipo wengi wanapopapita haraka.

Bomu la ndege halilipuki mara linapoguswa na moto. Ganda la chuma hupata moto kwanza, kisha joto hupenya hadi kwenye kilipuzi, kilipuzi kinaanza kuvunjika chenyewe kikitoa joto la ziada, na joto hilo likizidi linavyoweza kutoka nje, kinafyatuka. Wenye kazi husema bomu "limepikika". Muda wa kupikika unategemea unene wa ganda, aina ya kilipuzi na hali yake.

Bomu la kisasa la wakati ule la ratili 1,000, yaani kama kilo 450, liliitwa Mark 83. Ganda lake ni nene, na ndani lina kilipuzi cha H6, mchanganyiko wa vilipuzi vya RDX na TNT, unga wa alumini na nta. Nta haiongezi nguvu. Kazi yake ni kukituliza kilipuzi kisishtuke ovyo. Mabomu kama haya yaliweza kuvumilia moto wa mafuta kwa takriban dakika 10, na mengi yakishindwa hupasuka na kuungua badala ya kulipuka kwa nguvu zote. Mafunzo ya zimamoto yalijengwa juu ya tabia hiyo: dakika za mwanzo ni salama, zitumie kulipoza bomu na kuwatoa marubani.

Lakini mwaka 1967 Marekani ilikuwa inadondosha mabomu kwa kasi kuliko viwanda vilivyoweza kuyatengeneza. Mark 83 zikaadimika. Tarehe 28 Julai, siku moja kabla ya ajali, meli ya silaha USS Diamond Head iliipa Forrestal mabomu 16 ya aina ya AN-M65, masalia ya vita vya zamani. Yalikuwa yamekaa ghalani Ufilipino kwa miaka mingi ya joto na unyevu. Ganda lake ni jembamba kuliko la Mark 83. Ndani lina kilipuzi kiitwacho Composition B, takriban asilimia 60 ya RDX na 40 ya TNT, na nta kidogo sana. Kilipuzi hicho kikizeeka kwenye joto kinazidi kuwa chepesi kushtuka, na baadhi ya mabomu yaliyopokelewa yalionekana na kutu na utomvu kama wa nta ukivuja kwenye maungio.

Watu wa silaha waliyaona na hawakuyapenda. Kuna waliotaka yatupwe baharini papo hapo. Nahodha, John Beling, alilalamika na kuomba mengine. Jibu lilikuwa kwamba mengine hayapo, na safari za kesho yake zinahitaji mabomu ya ratili 1,000. Yakakubaliwa kwa sharti kwamba yasishushwe kwenye ghala la silaha lililo tumboni mwa meli, yakae nje kwenye sitaha mpaka yatumike. Uamuzi huo, kwa mtazamo wangu, ndio uliofanya meli isizame. Ndio pia ulioyaweka mabomu hayo, asubuhi ya pili yake, chini ya mabawa ya Skyhawk.

Sasa weka mambo haya mawili pamoja. Wapiganaji moto walijua muda wa Mark 83. Mabomu yaliyokuwa mbele yao yalikuwa AN-M65.

Chifu na mtungi wa unga

Chifu Gerald Farrier (chifu ni cheo cha baharia mwandamizi) alikuwa kiongozi wa zimamoto wa sitahani. Alikimbilia motoni mara moja bila kusubiri kuvaa mavazi ya kinga, mkononi akiwa na mtungi wa unga wa zambarau, ambao ni bikaboneti ya potasiamu. Bomu moja lilikuwa limeanguka kutoka kwenye Skyhawk na kulala ndani ya dimbwi linalowaka. Lengo lake lilikuwa kuuzuia moto usiliguse bomu kwa muda wa kutosha ili marubani watoke na wenye mipira ya maji wafike.

Unga huo ni hodari wa kukata miale, kwa kuwa unavuruga mmenyuko wa moto wenyewe. Haupozi. Chuma kilichokwisha kuiva kinabaki kimeiva, na miale ikirudi, joto linaendelea pale lilipoishia. Ndiyo maana mbinu sahihi ni unga kwanza kwa kuvunja moto, kisha maji au povu papo hapo juu ya bomu, bila kukoma. Farrier alikuwa na sehemu ya kwanza, na ya pili ilikuwa njiani. Alipoona ganda limepasuka na kuwa jekundu aligeuka kuwaamuru watu wake warudi nyuma.

Bomu likalipuka. Tangu roketi ifyatuke zilikuwa zimepita sekunde 94 hivi. Sekunde 9 baadaye likalipuka la pili. Farrier na karibu kikosi chake chote cha sitahani walikufa, maana walikuwa wamesimama pale hasa ambapo mafunzo yaliwaambia wasimame.

Milipuko mikubwa ya mabomu kwenye sitaha ilifika tisa. Ilitoboa sitaha ya chuma cha deraya na kuua watu waliokuwa wakikimbilia kusaidia. Waliokuwa tezi kabisa wakakatiwa njia, moto mbele na bahari nyuma. Wengi walijirusha, na kutoka sitaha hadi majini ni kimo cha nyumba ya ghorofa tano au sita.

Povu na maji yakigombana

Baada ya wenye ujuzi kufa, mipira ilishikwa na yeyote aliyekuwa karibu: makarani, wapishi, mafundi, watu wa ndege. Ujasiri haukupungua. Kilichokosekana ni ufahamu wa jambo moja ambalo mtu asiyefunzwa hawezi kulikisia.

Mafuta ni mepesi kuliko maji, yanaelea. Ukiyapiga kwa mkondo mkali wa maji unayasukuma yakiwaka mpaka mahali pengine. Dawa yake ni povu, ambalo hutandazwa juu ya mafuta kama blanketi, likizuia mvuke kutoka na hewa kuingia. Povu la siku zile lilitokana na protini za wanyama. Lilikuwa zito, lilitandaa polepole, na blanketi likitobolewa halijizibi. Utaratibu ni kuanzia ukingo mmoja na kusonga mbele taratibu huku anayetumia maji akibaki nyuma, akinyunyiza kwa mtindo wa ukungu kuwapoza wenzake, maji yake yasiliguse povu.

Kwenye Forrestal timu moja iliweka povu, na timu ya jirani, kwa nia njema, ikalisafisha kwa maji ya bahari. Moto uliokwisha kufunikwa ukafumka tena. Kibaya zaidi, maji yale yakayasukuma mafuta yanayowaka kwenye mashimo ya mabomu, yakamiminika chini.

Chini ya sitaha

Mara chini ya sitaha ya kurukia, upande wa tezi, kulikuwa na vyumba vya kulala. Ilikuwa karibu saa tano asubuhi, na waliofanya kazi usiku walikuwa vitandani. Watu wapatao 50 walifia humo. Wengine hawakupata hata muda wa kujua kilichotokea. Wengine waliamka gizani, moshi ukiwa umejaa, milango ikiwa imepinda kwa mlipuko na haifunguki.

Moto wa juu na moto wa ndani ni vitu viwili tofauti kabisa. Juu, upepo unaondoa moshi na joto. Wa sitahani ulidhibitiwa ndani ya saa moja hivi na kuzimwa muda mfupi baada ya saa sita mchana. Wa ndani uliendelea mpaka saa kumi alfajiri ya siku iliyofuata.

Ndani ya meli, chuma kinapitisha joto. Chumba kikiungua, kuta zake huiva, na rangi, nyaya na magodoro ya chumba cha pili hushika moto bila mwale hata mmoja kuvuka. Kwa hiyo kabla ya kuuvamia moto lazima uuzingire: watu wasimame pande zote sita, kuta nne, sakafu na dari, wakizimwagia kuta maji na kuangalia mahali rangi inapotoa malengelenge. Bila watu wa kutosha unazima chumba kimoja huku unawasha kingine. Tezi ya Forrestal ilikuwa na mashimo, kwa hiyo hata kujua moto unaanzia na kuishia wapi ilikuwa kazi. Sehemu nyingine waliweza kuzifikia tu kwa kukata matundu kwenye sitaha na kushusha mipira kutoka juu.

Moshi ulihitaji barakoa ya oksijeni. Iliyotumika na jeshi la wanamaji la Marekani haikuwa na mtungi wa hewa bali kopo la kemikali, superoksidi ya potasiamu, linalotengeneza oksijeni kutokana na unyevu na kaboni dioksidi ya pumzi yako mwenyewe. Ni kifaa cha akili, lakini kopo halifiki saa moja ya kazi nzito, linakuwa la moto mno, na likikutana na mafuta au maji linaweza kulipuka. Mtu anayebadilisha kopo kwenye ujia wenye maji yanayofika magotini, yametandwa na mafuta juu yake, ana jambo la kufikiria.

Na maji yenyewe ni hatari. Kila tani inayomwagwa ndani lazima itoke, ama sivyo inakaa juu, inahama upande meli inakolalia, na kuizidishia ulalo. Wakati wote wa kuzima moto yupo afisa ambaye kazi yake ni hesabu hiyo tu: yameingia kiasi gani, yametolewa kiasi gani, meli imelala nyuzi ngapi.

Katika chumba cha akiba cha usukani, nyuma upande wa kushoto, mabaharia watatu walikwama bila njia ya kuwafikia. Walihamishia usukani kwenye chumba cha upande wa kulia ili meli iendelee kuongozwa. Hawakutoka.

Kutupa kila kinacholipuka

Juu, kazi nyingine ilikuwa inaendelea: kuondoa silaha zote ambazo hazijalipuka. Mabomu, roketi na makombora yalifunguliwa kwenye ndege, yakasukumwa kwa vitoroli au kwa mikono na kuvingirishwa baharini, mengine yakiwa na moto wa kuunguza kiganja. Wataalamu wa vilipuzi walikuwa wanatoa fyuzi kwenye mabomu yaliyochomwa na moto. Afisa mmoja wa kimo kidogo, mwenye kilo 60 hivi, anakumbukwa kwa kulitupa bomu la kilo 113 peke yake. Ndege nzima nzima zilisukumwa zikaanguka majini kabla matangi yao hayajashika.

Manowari ndogo ya kusindikiza, USS Rupertus, ilisogea hadi mita sita kutoka ubavu wa Forrestal na kukaa hapo kwa dakika 90, ikinyunyizia maji pale ambapo watu wa Forrestal wasingeweza kufika. Mita sita kati ya meli mbili zinazotembea, moja ikiwa inalipuka, ni jambo la kumtoa nahodha jasho. Manowari za Oriskany na Bon Homme Richard zilipeleka madaktari na vifaa, na majeruhi wakahamishiwa meli ya hospitali Repose.

Ndege 21 ziliteketea. Matengenezo ya meli, bila kuhesabu ndege, yalikadiriwa dola milioni 72, na yalichukua mpaka Aprili 1968. Mabaharia wa meli nyingine, kwa ule utani wao usio na huruma, wakaibandika Forrestal jina la Zippo, kile kiberiti cha chuma.

Kilichobadilishwa

Mabomu yalipakwa tabaka la kuzuia joto, ambalo huungua polepole na kuongeza dakika za uhai, ndiyo maana mabomu ya wanamaji wa Marekani yana ngozi ya mkwaruzo tofauti na ya jeshi la anga. Baadaye ikaja juhudi nzima ya kutengeneza vilipuzi ambavyo vikipikika vinaungua tu, havilipuki. Sitaha zikawekewa vinyunyizio vinavyoweza kuosha sitaha yote kwa kugeuza vali, mwanadamu akiwa mbali.

Povu la protini likaachwa kwa ajili ya povu la aina mpya, AFFF, ambalo maabara ya wanamaji ilikuwa imeshaanza kulifanyia kazi. Hili hutandaza utando mwembamba wa maji juu ya mafuta, utando unaojiziba wenyewe ukichanwa, na linavumilia zaidi kuchanganyika na maji ya jirani. Miongo kadhaa baadaye ikabainika kwamba kemikali zinazofanya utando huo, zile za jamii ya PFAS, haziozi na zinaingia kwenye maji ya kunywa, na sasa jeshi la Marekani linaliacha nchi kavu huku meli zikiruhusiwa kuendelea nalo. Hakuna aliyepata mbadala unaofanya kazi kwa kasi ile ile juu ya sitaha.

Badiliko kubwa kuliko yote lilihusu watu. Kabla ya 1967 kuzima moto ilikuwa kazi ya kikosi maalumu. Baada yake, kila baharia, awe mpishi au karani, hufundishwa kushika mpira, kutandaza povu na kuvaa barakoa, kwa sababu bomu la kwanza linaweza kuua kikosi chote. Shule ya zimamoto ya Norfolk ina jina la Farrier.

Swali kama somo lilishika lilijibiwa mapema mno. Tarehe 14 Januari 1969, karibu na Hawaii, roketi ya aina ile ile, Zuni, ilipikika kwenye sitaha ya USS Enterprise, safari hii kwa joto la pumzi ya mashine ya kuwashia ndege. Watu 28 walikufa.

Katika mafunzo huonyeshwa picha zilizochukuliwa na kamera ya sitaha ya Forrestal, ile ya kuangalia ndege zikitua. Anaonekana mtu mmoja akikimbia na mtungi kuelekea miale, na nyuma yake wengine wakiburuta mpira wa maji. Mlipuko unafunika kila kitu kwa weupe. Moshi unapopungua, kutoka kulia wanaingia watu wengine wakikimbia kuelekea upande ule ule, wanaokota mpira.